Daftari la Elsie na Ufa wa Ghorofa ya Nne

Watu husema Elsie Obonyo alikuwa na bahati kwa sababu siku ile alikuwa kazini. Wakisema hivyo mbele yangu, natoka. Bahati gani hiyo, jamani? Siku hizi kila mtu hapa mtaani Kware ni mtaalamu wa msiba wa mwenzake, na mdomo hauna breki.

Mimi naitwa Batulo, mama yake Kawsar. Duka langu lilikuwa chini kabisa ya jengo lile, mlango wa kwanza ukitokea upande wa mtaa wa Fedha: unga, maziwa, mchele wa kupima, sabuni ya kukata. Juu yangu ghorofa zilipanda mpaka shingo inauma ukizitazama, kila mlango familia, kila kibaraza nguo zimeanikwa. Elsie na baba yake walikaa ya nne. Nataka kusimulia Elsie alivyokuwa, maana wanaosimulia habari zake sasa wamemfanya malaika. Hakuwa malaika. Alikuwa msichana wa haraka haraka, hasira karibu, na kusalimia hajui.

Haki ya Mungu, hakujua. Alikuwa akiingia dukani macho kwenye simu: "Mama Kawsar, maziwa."

"Wewe! Kwani tulilala pamoja?"

Anacheka, mkono mdomoni, anatoka nje kabisa, kisha anaingia upya. "Hodi humu ndani. Mama Kawsar, umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Haya, sema shida yako."

Mchezo huo tuliucheza mpaka wateja wakauzoea. Mchana alifanya kazi katika ghala moja la Industrial Area, kuingiza kwenye kompyuta mizigo inayoingia na inayotoka. Jioni alikuwa akisomea mambo ya takwimu mtandaoni. Chapati aliila akiwa amesimama. Mwanamume mmoja alimposa, akamwambia hana nafasi mpaka baba apone, na sote tulijua baba haponi.

Mzee Obonyo alikuwa mtu wa reli. Alipostaafu, kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia. Mkono wa kushoto ndio uliobaki na kazi, mkono mnene, kidole gumba kina ukucha mweusi uliopondwa na nyundo ya reli zamani. Kila Jumapili baada ya kanisa Elsie alimbeba mgongoni kumshusha ngazi zile, na ndugu yangu Mumin, anayesukuma mkokoteni wa maji, akimshikilia kwa nyuma. Walimkalisha kwenye kreti ya soda mlangoni pangu apate jua. Naye shukrani yake ilikuwa kunichokoza.

"Batulo, hii chai yako ina maji kuliko ziwa la kwetu."

"Basi rudisha kikombe."

"Hapana. Nitakunywa tu, nitafanya nini na mimi ni mgonjwa."

Yeye ndiye aliyeuona ufa kwanza. Ulianzia ukutani pembeni mwa kitanda chake. Mtu aliyelala siku nzima ataangalia nini kingine? Mwanzoni ulikuwa uzi tu. Akasema apewe rula. Kwenye reli kazi yake ilikuwa kupima nafasi kati ya pingili za chuma, na naona mkono ulikuwa umetamani kazi. Kawsar wangu, wakati huo yuko kidato cha nne, akampa rula yake ya shule, ile ya plastiki unayoona upande wa pili, jina lake ameliandika kwa kalamu ya wino mzito: KAWSAR. Tangu hapo kila Jumapili Mzee aliiweka rula juu ya ufa kwa mkono wake mzima, na Elsie akapiga picha.

Ufa ukatembea. Ukatoka kwenye uzi ukawa unene wa njiti ya kiberiti, kisha penseli. Mara tukaona mwingine ngazini. Mara nguzo iliyo kando ya duka langu nayo ikachanika, mstari wa kupanda. Tukamwambia Nzau, msimamizi wa ploti, mtu wa mwenye nyumba. Nzau aliutazama kama mtu anayetazama mvua ya nchi nyingine.

"Hiyo ni plasta inakauka," akasema.

"Jengo lina miaka yote hii, plasta bado inakauka?" nikamuuliza. "Mliichanganya na nini, mafuta ya nazi?"

Watu wakacheka. Nzau hakucheka.

Utauliza mbona hatukuhama. Wenye uwezo walihama. Lakini mwenye nyumba alikuwa amesema wazi kwamba dipoziti ya mtu hairudi mpaka jengo lipigwe X, ile alama nyekundu ambayo watu wa ukaguzi hupaka kwenye nyumba mbovu. Na nyumba ya chini, mlango mpana, ya kumweka mgonjwa wa kubebwa, huipati kwa kupiga miluzi. Elsie alizunguka mpaka viatu vikaisha. Akarudi dukani, akakaa kwenye gunia la mchele.

"Mama Kawsar, hawa wote wanaweza kukimbia. Hata wewe. Baba hawezi. Mimi sitaki mambo mengi. Nataka X tu."

Basi akaanza kuitafuta hiyo X kwa njia aliyoijua. Aliwaomba wapangaji wote, kwenye kundi letu la WhatsApp, kila wiki wapige picha za nyufa za upande wao, wakiweka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, wazitume kwenye ghala moja la mtandaoni. Kisha akatengeneza kitu alichokiita daftari. Si la karatasi. Ni ukurasa wa kompyuta: unaupa picha, unapima nyufa, unazipanga wiki baada ya wiki mpaka unauona ufa ukifunguka mbele yako kama mdomo. Mara ya kwanza kunionyesha nilitoka nje nikaitazama ile nguzo yangu, nikahamisha magunia upande wa pili.

Tatizo lilikuwa Nzau. Kwenye mkutano wa wapangaji alisimama, macho makavu, akasema, "Hizi picha huyu binti anazipika nyumbani. Anaongeza weusi kwenye ukuta. Kompyuta inafanya chochote."

Elsie akawaka. Nilimwona shingo ikipanda. "Basi sikilizeni," akasema. "Daftari langu halitakuwa na picha hata moja ndani. Likifunguliwa, litazivuta zote upya kutoka ghalani, mbele ya macho yenu, na picha ikishaingia humo hata mimi siwezi kuigusa. Na linki nawapa nyote. Kila mtu afungue aone mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Lakini daftari likawa zito. Ukibonyeza linki, ungeweza kuchemsha chai, ukaichuja, ukamimina, nalo bado linazunguka. Siku moja nikamuuliza limerogwa na nani. Kwa kuwa ananijua mimi ni mtu wa duka, akanieleza kwa duka.

"Kila mtu akibonyeza, kuna seva, kompyuta ya mbali, inayomjengea kontena lake, Mama Kawsar. Ni kibanda kidogo, kina vifaa vyote vya kazi, na daftari liko wazi mezani. Kibanda chenyewe kinasimama mara moja. Shida ni bidhaa. Kinasimama kitupu, halafu kinaanza kuleta picha moja moja kutoka mbali, na mlango haufunguki mpaka zote ziingie. Zikichelewa sana, seva inachoka kungoja, inakivunja."

"Si ulale na bidhaa ndani, kama watu wote wenye akili?"

"Naweza. Kiolezo cha kibanda kinatengenezwa mara moja tu. Nikizipakia picha humo, kila kontena litazaliwa nazo. Lakini Nzau atasema nimeziweka mimi." Akafunga laptopu. "Acha lichelewe. Likichelewa, wanaona linatoka wapi."

Nikamwambia huo ni ukaidi. Akasema ni wa kurithi.

Hatimaye, baada ya kupiga simu mpaka sauti ikakauka, akapata ahadi ya afisa wa ukaguzi. Jumamosi, asubuhi. Na ndipo Nzau, bila haya, akaleta mafundi siku mbili kabla. Wakapiga plasta nguzo yangu. Wakapiga ngazini. Wakapanda mpaka chumbani kwa Mzee Obonyo wakasema wanamrekebishia, wakamwaga vumbi kwenye blanketi lake, wakaziba ufa na kupaka rangi ya maziwa. Jengo likawa linang'aa. Ungeweza kuliposa.

"Sasa kimebaki nini cha kuonyesha?" nikamuuliza Elsie.

"Daftari," akasema. "Daftari peke yake."

Jumamosi hiyo alikuwa ameliweka tayari mapema. Laptopu juu ya kaunta yangu, kioo kinatazama nje. Alilifungua, likavuta picha zake polepole, likafunguka. Akashusha pumzi. Tukangoja. Afisa hakuja. Jua likapanda, watu wakajaa mlangoni mpaka ngazini, watoto mabegani. Elsie alitoka kwenda kumgeuza baba yake kitandani, kisha akasimama barabarani kumtazamia afisa, na kontena likiachwa bila kuguswa seva hulifunga. Aliporudi, kilikuwa kimebaki kioo cheupe.

Wakati huohuo gari la afisa likaingia. Madam Warigia, mwanamke mnene, buti zina vumbi la jengo jingine. Hakuwa mtu mbaya. Najua mngetaka awe mbaya, hata mimi ningependa. Alisalimia kila mtu, akazunguka, akagusa nguzo kwa kiganja, akapanda mpaka ghorofa ya nne, akamsalimia Mzee, akashuka.

"Naona rangi mpya," akasema.

"Ni matengenezo ya kawaida, madam," Nzau akajibu. Unyenyekevu umemjaa!

Wapangaji wawili watatu wakamwonyesha picha za simu. Akazitazama kwa makini. "Huu ni ufa. Nyumba gani Nairobi haina ufa? Nionyesheni unaotembea."

"Gongeni hiyo plasta!" Mumin akapiga kelele, nyundo mkononi.

"Gusa ukuta wa mtu nikuitie polisi," akasema Nzau.

"Hakuna kugonga," Madam Warigia akakata. "Kama nguzo ina shida, haigongwi na watu wamejaa chini yake. Nimeambiwa kuna daftari. Lifungueni."

Elsie akabonyeza. Nami nikaanza kummiminia madam chai. Simu yangu ilikuwa nyuma ya unga, nimeichomeka stima. Ndipo Kawsar wangu, ambaye alimpenda Elsie kuliko dada wa kuzaliwa naye, akapanda juu ya kreti ya Mzee akaita kwa sauti yake ile ya mchezo wa mpira.

"Wasee! Tusimwache Elsie solo! Kila mtu afungue linki kwa simu yake, madam aone tuko wengi!"

Na walivyo watu wetu, unawajua. Msiba wa mtu mmoja, chakula kinapikwa na ploti nzima. Harusi ya mtu mmoja, kila mtu ni shangazi. Simu zikatoka mifukoni, kwenye sidiria, kwenye kanga. Waluo, Wakamba, Wasomali, mama wa mboga, vijana wa boda, wote vidole juu. Wakawapigia walio juu: fungueni, fungueni, ni sasa. Wallahi, nilijivuna. Nilisema moyoni, huyu ni mtoto wangu.

Mstari kwenye laptopu, ule unaoonyesha picha zinavyoingia, ukasogea kidogo. Ukasimama.

"Kwangu inazunguka," mtu akasema.

"Hata kwangu. Bonyeza tena."

"Subirini kidogo," Elsie akasema, lakini alikuwa akiongea na kioo. Jasho limemtoka juu ya mdomo. Mstari ukasogea unywele mmoja. Kisha maandishi mekundu: muda umekwisha. Akabonyeza tena. Nyuma yake kila mtu, simu yake ikikataa, naye akabonyeza tena. Na tena. Walikuwa wanabonyeza kwa mapenzi yote.

Madam Warigia alikunywa chai yake yote. Akakubali kikombe cha pili, na hakukitaka, alimpa tu Elsie nafasi. Nzau alisimama kando akichokoa meno.

"Dada," Madam Warigia akasema mwishowe, "mimi sikatai. Lakini siwezi kupiga X kwenye ukuta uliopakwa rangi juzi, kwa maneno. Nina jengo lingine linaningoja."

"Nikutumie, madam? Jioni nitakutumia."

"Nitumie. Lakini alama hupigwa nikiwa hapa, nikiwa nimeona na wao wameona, la sivyo mwenye nyumba ananipeleka kortini. Nitarudi Jumatano. Mnisamehe."

Gari likaondoka. Watu wakabaki na simu mikononi, wamepoa. Mmoja mmoja wakamgusa Elsie begani: pole, si kosa lako, mtandao wa Kware unaujua. Kawsar alikuwa analia. Elsie akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wa Kawsar mwenyewe, akamtuma maji.

Duka lilipobaki kimya, alikaa kwenye gunia la mchele, laptopu magotini, akasoma kumbukumbu za seva. Nilimwona akiacha kusoma.

"Nini?" nikamuuliza.

"Si mtandao, Mama Kawsar." Sauti ilikuwa ndogo. "Ni sisi. Kila simu iliyobonyeza ilijengewa kontena lake, na kila kontena lilienda kuchota picha zote, ghala lilelile, wakati mmoja. Waliposhindwa wakabonyeza tena, yakaongezeka. Unajua maji yakija hapa chini, kila mtu akafungua bomba pamoja? Ghorofa za juu zinapata nini?"

"Hewa."

"Basi. Na mimi ndiye niliyekuwa wa juu."

Nikafungua mdomo, naye akaniwahi, akanishika mkono kwa nguvu mpaka bangili ikaniuma.

"Usiwaambie. Walitaka kunisaidia. Na Kawsar, hasa Kawsar, asijue kabisa. Niapie."

Nikaapa. Nawe nakusimulia kwa kuwa humjui Kawsar. Ukikutana naye siku moja, nyamaza.

Kesho yake, Jumapili mchana, alifanya lile alilokuwa amekataa. Alikaa palepale dukani akazipunguza picha, zile kubwa kupita kiasi akazifanya ndogo zinazosomeka, akazipakia zote ndani ya kiolezo, na kando ya kila picha akaweka jina la aliyeituma na tarehe yake, ili Nzau au shetani mwingine yeyote akitaka kulinganisha na ghala, alinganishe. Kutengenezwa kulichukua muda mrefu, lakini mara moja tu. Kisha akaniambia nibonyeze. Nikabonyeza. Sikuwahi hata kufunika chupa ya chai; daftari likawa wazi.

"Ala!"

"Kazi ya mchana mmoja," akasema. "Nilikuwa naogopa kelele za Nzau." Akajipiga kichwa kwa kiganja, si kwa mzaha. "Ukaidi, Mama Kawsar. Ukaidi wangu."

"Jumatano si mbali."

"Si mbali," akasema.

Jioni hiyo alipanda kumpiga Mzee picha ya wiki. Aliposhuka alinionyesha, kisha akaiongeza nayo kwenye kiolezo. Ile rangi ya maziwa ilikuwa imepasuka palepale, na mkono wa Mzee umeweka rula juu yake. Penseli mbili. Nilimwambia Elsie amshushe aje alale kwangu dukani. Akasema, "Na duka lako liko wapi, si chini ya jengo hilihili?" Akawa amempigia simu shangazi yake anayekaa Kayole, shangazi akasema waje Jumatano jioni, akishatoa vitu vya watu chumbani. Kila kitu kilikuwa Jumatano.

Jumanne asubuhi Elsie alienda kazini. Aliingia kwanza dukani, akatoka, akaingia upya, akanisalimia vizuri, akaacha uji wa baba kwenye chupa ili Mumin aupandishe.

Nilikuwa napima mchele nilipoisikia ile nguzo. Haikulia sana. Ililia kama kuni mbichi inayovunjwa gotini. Plasta mpya ikaruka ikanipiga shavuni. Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo, na Mumin akaanza kugonga milango. Watu walishuka, Subhanallah, walishuka wamebeba watoto na sufuria na televisheni, wengine na taulo tu. Mumin badala ya kutoka alipanda. Alikuwa anamfuata Mzee.

Alifika ya tatu. Ngazi ikaanza kumwacha. Anasema Mzee alimsikia akija, akamwita kutoka juu, sauti yake ya kawaida, bila kupayuka.

"Mumin, ni wewe?"

"Ni mimi Mzee, nakuja!"

"Shuka, kijana. Shuka. Uji utaunywa wewe."

Mumin alishuka kwa kuanguka zaidi ya kushuka, mguu ukavunjika mahali pawili. Mpaka leo hawezi kuusikia uji ukitajwa, anatoka. Jengo likakaa chini, ghorofa juu ya ghorofa, na vumbi likaifunika Kware mpaka mtaa wa Pipeline. Tulipoteza Mzee Obonyo, na mama mmoja wa ghorofa ya tatu aliyerudi kumchukua mwanawe, na mwanawe. Elsie alikuja na boda kutoka Industrial Area, akakuta kifusi. Hakulia. Alinitazama akaniuliza, "Amekunywa uji?"

Tulimsafirisha Mzee kwao. Wanawake wa Kiislamu wa ploti tulikaa matangani siku zote, na wenyeji wakatupikia kando, mbali na nyama tusizokula. Elsie alikonda. Kazi aliiacha. Madam Warigia alikuja mazishini, akakaa nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Nzau tulisikia yuko kwao, anaumwa.

Kamati ya uchunguzi ilikaa baadaye, katika ukumbi wa kanisa moja kule Fedha. Tulionusurika tulijaa viti vyote. Mwenyekiti, mzee mwenye mvi, akamwita Elsie, akamwomba aonyeshe alichokuwa nacho. Elsie akabonyeza. Mwenyekiti bado anatafuta miwani mfukoni, daftari lilikuwa limeshafunguka ukutani, kubwa, wazi. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Wengi ilikuwa mara yao ya kwanza kuliona likifunguka.

Alianza na nguzo yangu. Akaja ngazini. Kisha akafungua ghorofa ya nne. Pale ukutani ukatokea mkono wa Mzee Obonyo, ukucha wake mweusi, rula juu ya ufa. Wiki iliyofuata, mkono. Wiki iliyofuata, mkono. Ufa unapanuka chini yake, nao haujatikisika, umeishika rula kama ulivyoshika vyuma vya reli. Ikaja rangi ya maziwa. Ikaja rangi iliyopasuka, na mkono. Hapo ndipo picha zilipoishia. Nyuma yangu mtu alikuwa analia kwa kwikwi, hata sikugeuka kumjua.

Elsie akatugeukia. "Fungueni nanyi," akasema. "Linki ni ileile. Fungueni nyote sasa hivi, pamoja. Limepona. Litawabeba."

Nilitaka kusema hapana. Simu zikatoka, mifukoni, kwenye sidiria, kwenye kanga. Vidole vikashuka pamoja. Na likafunguka kwa kila mtu. Ukumbi mzima, kila kiganja, mkono wa Mzee.

Kawsar alikuwa kando yangu. Akanisogezea simu yake. "Mama, tazama, rula yangu. Jina langu linaonekana." Akalitazama muda. "Leo limefunguka haraka hivi. Mbona siku ile lilikataa?"

Elsie alikuwa anatutazama kutoka mbele. Alisikia, au alijua tu.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Mtandao ulikuwa mbaya."